Maua ya Ufuko wa Mwanza

Nchi za baridi huwa na majira ya machipuko, ambapo maua huchanua baada ya theluji. Mwanza haina majira hayo. Maua yake huitwa na mvua za vuli na za masika. Mwanafunzi ateremkaye wakati huo kutoka mlimani hadi ukingo wa Ziwa Viktoria hupita katika makazi manne ya mimea.

Ya kwanza ni majabali ya matale, penye udongo haba na jua kali. Katika miamba ya namna hii nchini Tanzania huota mimea ya jenasi Xerophyta. Majani yake hukauka wakati wa kiangazi hata yakadhaniwa yamekufa, kisha hurudia ukijani siku chache baada ya mvua.

Chini, kwenye kinamasi, husimama mafunjo, yenye kimo cha hadi mita 4 au zaidi. Maua yake hayana petali za rangi, kwa maana huchavushwa na upepo, wala hayahitaji kumvutia nyuki. Mizizi yake huchuja tope na mbolea zitokazo mashambani.

Mbele yake, penye kina kifupi, huelea yungiyungi. Mizizi yake imo topeni, ambamo oksijeni ni haba. Hewa huifikia kwa kupitia mifereji iliyomo ndani ya vikonyo.

Ua la mwisho, majini, ni la zambarau lenye doa la manjano, na huenda ndilo zuri kuliko yote. Hilo ni gugumaji, mgeni kutoka bonde la Amazon, aliyeonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuwakuta wadudu wamlao kwao, bali alikuta mbolea tele. Huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Hufunika mwanga, huwanyima samaki oksijeni na kuzuia mitumbwi. Katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi wa jenasi Neochetina, wenye asili ya huko kwao, na gugu likapungua sana. Hata hivyo halikwisha, kwani mbegu zake huishi topeni miaka mingi.

Basi ubaya haumo katika ua lenyewe, bali katika kuhamishwa kwake bila adui zake. Wanafunzi watakaofanya safari hii wachore kila ua na makazi yake. Wasiingie majini, kwa hofu ya kichocho, wala wasichukue gugumaji kupamba bwawa la shule.