Je, Kipindi cha Ubao wa Magurudumu Chafaa kwa Vijana Wetu?

 

Ndugu zangu wazazi, siku moja baada ya sala ya Alasiri mama mmoja alinijia chuoni kwangu hapa Morogoro, akaketi barazani, akasema: "Maalim, mwanangu ana miaka kumi na minne. Kila usiku hutazama katika simu Wamarekani wanaorukaruka juu ya ubao wenye magurudumu, wakianguka na kucheka. Nimwache au nimkataze?" Nikamwomba anipe muda wa juma moja, kwani si haki kulihukumu jambo ambalo mtu hajaliona. Basi nikaketi na mwanangu wa mwisho, aliye rika moja na kijana yule, tukakitazama kipindi hicho usiku baada ya usiku. Niliyoyaona nitayaeleza. Lakini kabla juma halijatimia likatokea jambo hapa petu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

KIPINDI CHENYEWE

Kipindi hicho chaitwa Viva La Bam. Kilionyeshwa na televisheni ya MTV ya Marekani tangu mwaka 2003 hata mwaka 2005, nacho kilizaliwa kutokana na kingine kilichoitwa Jackass, kilichoanza mwaka 2000. Ingawa kimekwisha zamani, vipande vyake vingali vyazunguka katika simu, na kijana wa Mwembesongo au Kihonda huvipata kwa bando dogo tu. Mwenye kipindi ni Bam Margera wa jimbo la Pennsylvania, mchezaji hodari wa ubao huo, ambao vijana wetu huuita skeitibodi. Pamoja naye wamo rafiki zake, mama yake April, baba yake Phil, na ami yake. Hawa si waigizaji waliopewa majina ya kubuni. Ni mama mzazi na baba mzazi hasa.

Mwanzoni mwa kipindi kijana huyo hutangaza kwamba atafanya lolote alitakalo. Na kweli hulifanya. Safari moja wazazi wake walipoondoka nyumbani, aliigeuza nyumba yao kuwa uwanja wa kuchezea mbao zile. Baba huudhiwa, mama hushtushwa, ami hufanywa kichekesho, na watazamaji hucheka. Hayo ndiyo mafuta ya taa ile. Siku wazazi wakiachwa wapumzike, kipindi nacho huzimika.

UBAO HAUNA DHAMBI

Wako watu ambao wakisikia haya watasema mara moja, "Haramu!" Nawaomba wasifanye haraka. Dini yetu haikuja kuua furaha ya vijana. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na alishindana mbio na Bibi Aisha. Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini hakuwafukuza, bali alimwachia Bibi Aisha awatazame. Basi mchezo unaotia mwili nguvu na moyo ujasiri hauna ubaya katika asili yake.

Tena mchezo huu una heshima yake ulimwenguni. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ulichezwa kwa mara ya kwanza, na bingwa wa wasichana katika shindano la mtaani alikuwa Momiji Nishiya wa Japani, mwenye umri wa miaka 13. Jirani zetu wa Uganda walijijengea uwanja wake huko Kitintale, Kampala, mwaka 2006. Na katika nchi ya Kiislamu ya Afghanistan, mwaka 2007 ilianzishwa jumuiya iitwayo Skateistan mjini Kabul, iliyowavuta watoto kwa ubao huo, wavulana na wasichana, kisha ikawaketisha darasani. Ubao ni kama kisu: mpishi hukatia nyama, na mwovu hudhuria mtu.

Hata sisi tuliozaliwa katika mitelemko ya Uluguru tusijifanye malaika. Nani kati yetu hakushuka mlimani juu ya ganda la mgomba, au juu ya kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi kuukuu? Mimi nilishuka, na kovu la gotini ni shahidi wangu.

HATARI YA MWILI

Walakini ipo tofauti kati ya ujasiri na kujihiliki. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratil Baqara aya ya 195, tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Vipindi vya namna hii huanza kwa onyo kwamba watazamaji wasiige. Lakini ni nani asiyejua kwamba kumwambia mtoto "usiige" baada ya kumwonyesha jambo la kuchekesha ni kama kumwonyesha mbuzi mahindi kisha kumsomea sheria? Mwaka 2001, katika jimbo la Connecticut huko Marekani, mtoto wa miaka 13 aliungua vibaya kwa kuiga jambo la moto alilolitazama katika Jackass. Malalamiko yakafika hata kwa mbunge wa baraza la seneti.

Kuna jingine ambalo simu haimwonyeshi kijana. Tony Hawk, bingwa mkubwa wa mchezo huu, mwaka 1999 alifaulu kuzunguka hewani mara mbili na nusu akiwa juu ya ubao wake. Kijana huona mruko mmoja uliofaulu. Haoni miaka ya mazoezi, wala kofia ngumu kichwani, wala jinsi bingwa huyo alivyoanguka tena na tena jioni ile ile kabla hajasimama. Hivyo hudhani kwamba hodari ni yule asiyejali, kumbe hodari ni yule aliyejizoeza kwa subira.

Na mwisho wa kutojali ni nini? Rafiki mmoja wa Bam, Ryan Dunn, aliyeonekana katika vipindi vyote viwili, alikufa mwezi Juni mwaka 2011 katika ajali ya gari. Alikuwa amelewa na gari lilikwenda kasi mno. Mtu aliyekuwa pamoja naye akafa vilevile. Simtaji ili kumsema maiti. Namtaja kwa sababu siku ile haikuwapo kamera, wala mtu aliyecheka.

HATARI ILIYO KUBWA ZAIDI

Mfupa ukivunjika huungika. Sasa nitawasimulia tukio la hapa petu.

Siku ya tano ya juma lile, mwanangu alinionyesha picha mpya katika simu yake, iliyopigwa na vijana wa mtaa. Kijana juu ya ubao wa beringi ashuka kwa kasi njia ya mtelemko. Mbele yake yuko kikongwe mwenye kapu la ndizi kichwani. Kijana apiga ukelele, amwendea moja kwa moja, na anapobakia hatua moja akwepa. Kikongwe ashtuka, aanguka, ndizi zatawanyika njiani, na sauti za kicheko zasikika.

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kabla sijafikiri. Kisha nikatazama mara ya pili, nikamtambua kijana: ni yule ambaye mama yake alikuja kuniuliza. Na kikongwe ni bibi yake, mzaa mama, aliyeteremka kutoka Matombo kuwaletea ndizi. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta amefungwa plasta, ameketi mkekani. Hakulia wala hakulaani. Aliniambia hivi tu: "Maalim, mkono utapona. Nilimwuliza mjukuu wangu, nimekukosea nini? Akanijibu, hukunikosea kitu, bibi, ulikuwa mchezo." Kisha akanyamaza, nami sikuwa na la kusema.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokielewa kipindi kile. Kijana yule hakumchukia bibi yake. Alikuwa amefunzwa, usiku baada ya usiku, kwamba hofu ya mzee ni kitu cha kuchekesha. Na hapa kwetu Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama, bibi mzaa mama ndiye shina lenyewe. Atakayelicheka shina asimame wapi?

Mola wetu, katika Suratil Israa aya ya 23 na ya 24, amemkataza mtoto hata kuwagunia wazazi wake waliozeeka, na amemwamrisha awainamishie bawa la unyenyekevu. Ikiwa mguno umekatazwa, itakuwaje kuwatisha ili watu wacheke? Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Imamu Ahmad, masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wenzake wakachukua kitu chake, alipoamka akashtuka. Bwana Mtume (S.A.W.) akawafundisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Jambo lile nalo lilikuwa mchezo tu.

JAWABU LANGU

Nilirudi kwa mama yule nikamjibu, nami nawajibu ninyi nyote: mchezo wa ubao wafaa, kwa masharti yake; kipindi hiki hakimfai kijana ambaye akili yake haijakomaa, akitazama peke yake. Na kwa kuwa simu hazifungiki kama mlango, nashauri haya:

Kwanza, tazama pamoja na mwanao. Mchungaji hachungi kondoo asiowaona, nasi sote ni wachungaji tutakaoulizwa juu ya tulichokichunga.

Pili, watu wanapocheka, mwulize: "Nani ameumia hapa? Je, angekuwa mama yako?" Swali hili moja lafaa kuliko fimbo kumi.

Tatu, usimkataze mchezo bila kumpa mchezo. Mtafutie uwanja tambarare usio na magari, kofia ngumu, na mkubwa wa kumsimamia. Kijana asiyepewa mahali pa kucheza atacheza barabarani, mbele ya malori.

Nne, tujichunge sisi wenyewe. Baba amdhihakiye mkewe mbele ya watoto, au mwalimu amfanyaye mwanafunzi mzito kichekesho cha darasa, huyo naye ana kipindi chake nyumbani, bila ya MTV. Suratil Hujurat aya ya 11 imekataza dhihaka kwa wote, wala haikumtoa mwenye ndevu.

Mama yule hakunilaumu kwa kumchelewesha juma zima, lakini mimi najilaumu. Ningemwambia usiku ule ule, "Kaa naye utazame," huenda bibi angefika salama na ndizi zake.

Kijana aliifuta picha ile yeye mwenyewe, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wenzake waifute. Sasa kila Ijumaa baada ya sala humpokea bibi yake kituoni na kulichukua kapu. Ubao wake hakunyang'anywa. Jioni huuchezea katika uwanja wa chuo, na juzi nilimwona akimfundisha mdogo wake kuanguka bila ya kuumia. Bibi alikuwa barazani akiwatazama, mkono ungali katika plasta, naye alikuwa akicheka.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na awape huruma kwa wazee wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.