Tundu la Ncha ya Kusini na Friji za Golf

Ukipita katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, mwezi wa kumi, wakati jua ni kali na mvua bado haijashika, wasikia katika nyumba nyingi mashine za kupoza hewa zikivuma. Jikoni mna friji. Vyombo hivi ni vyema, wala hatuvilaumu. Vyatunza maziwa ya watoto, samaki, nyama, hata na dawa zile ambazo huharibika kwa joto. Lakini ndani ya mabomba yake hupita gesi, na habari za gesi hiyo zatupeleka mbali sana na Katanga: zatufikisha Antaktika, bara la barafu lililo kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Huko, juu hewani, kila mwaka hufunguka tundu. Leo twataka kueleza tundu hilo ni kitu gani, lilitoka wapi, limeigusaje hali ya hewa ya dunia, na sisi tunayo kazi gani katika jambo hilo.

NGAO NYEMBAMBA

Ozoni ni ndugu wa hewa tuivutayo. Oksijeni ya kawaida ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni inazo tatu. Hapa chini karibu na ardhi, ozoni ni gesi mbaya, huumiza mapafu. Lakini huko juu, hasa kati ya kilometa 15 na 35, ni mlinzi wetu. Yazuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huunguza ngozi, huleta kansa ya ngozi na mtoto wa jicho, tena hudhoofisha mimea.

Msidhani kwamba ngao hii ni nene. Kama ozoni yote iliyo juu yetu ingeshushwa chini na kutandazwa juu ya ardhi, unene wake ungekuwa milimeta 3 hivi, yaani kama sarafu mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Chini ya kitu chembamba namna hii ndipo wanadamu, wanyama na mashamba wanapoishi.

GESI ILIYOSIFIWA NA WOTE

Zamani friji zilitumia amonia na gesi nyingine zenye sumu. Zilipovuja usiku, watu wa nyumba waliweza kufa. Karibu na mwaka 1930 wataalamu wa Marekani walitengeneza gesi mpya ambazo jina lao kwa kifupi ni CFC. Gesi hizi hazinuki, haziwaki moto, wala hazimdhuru mtu azivutaye kidogo. Dunia ilizipokea kwa furaha. Zikaingia katika friji, katika mashine za kupoza hewa, katika makopo ya kupuliza manukato na dawa ya wadudu, na katika viwanda vya sponji.

Lakini wema wao ndio uliokuwa hatari yao. Kwa kuwa haziharibiki upesi, zilipotoka katika bomba au kopo zilipanda polepole hata juu kabisa, zikakaa hewani miaka 50, na nyingine miaka 100. Mwaka 1974 wataalamu wawili waliofanya kazi California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walitoa onyo: gesi hizo zikifika juu, mionzi mikali ya jua huzivunja, nazo hutoa klorini, na atomu moja tu ya klorini yaweza kuharibu maelfu ya ozoni. Wenye viwanda wengi walibisha. Lakini ukweli ulidhihirika, na mwaka 1995 wataalamu hao wawili, pamoja na Paul Crutzen wa Uholanzi, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ushahidi mkubwa ulipatikana mwezi wa Mei 1985. Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza vipimo vilivyochukuliwa tangu miaka ya 1950 katika kituo cha Halley, Antaktika. Vipimo vilionyesha kwamba kila mwezi wa kumi ozoni ya huko ilikuwa inapungua, hata ikapungukiwa karibu theluthi moja. Mwaka 2000 eneo la tundu lilifikia karibu kilometa za mraba milioni 30, sawa na bara zima la Afrika.

Je, mbona tundu lafunguka huko, mahali pasipo na viwanda wala miji? Sababu ni baridi. Gesi huchukuliwa na pepo hata kuenea dunia nzima. Wakati wa usiku mrefu wa Antaktika, pepo huzunguka Ncha kama ukuta, na hewa iliyo ndani hupoa kupita nyuzi 78 chini ya sifuri. Ndipo mawingu ya barafu hutokea huko juu, na juu ya barafu hiyo klorini hutayarishwa kwa kazi yake mbaya. Jua lirudipo mwezi wa nane na wa tisa, klorini huanza kula ozoni. Mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hewa nyingine huingia, na tundu hufungika mpaka mwaka ufuatao.

TUNDU HALIKO JUU YA LUBUMBASHI

Hapa yafaa tuondoe makosa mawili yasemwayo mara nyingi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba tundu liko juu ya vichwa vyetu. Sivyo. Juu ya nchi zetu za joto ozoni haikupungua sana. Lakini hata bila tundu, jua letu ni kali, maana lasimama wima juu yetu, na mji wetu umejengwa mahali pa juu, mita zaidi ya 1,200 kupita usawa wa bahari. Kwa hiyo ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, waitwao albino, wahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli siku zote. Shuleni, mwalimu asiwasimamishe juani.

Kosa la pili ni kusema kwamba dunia yapata joto kwa sababu jua lapita katika tundu, kama lipitavyo katika bati lililotoboka. Hilo nalo si kweli. Joto la dunia laongezeka hasa kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na misitu inayochomwa, ambao hutanda kama blanketi. Hata hivyo jambo la ozoni limeigusa hali ya hewa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni pepo. Ozoni huipasha joto hewa ya juu kwa kunasa mionzi ya jua. Ikiharibiwa, hewa hiyo hupoa mno, na pepo kuu zinazozunguka upande wa kusini wa dunia husogea karibu zaidi na Ncha. Zikisogea, njia za mvua nazo husogea. Mwaka 2013 Desmond Manatsa, wa Chuo Kikuu cha Bindura katika Zimbabwe, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi unaotuhusu kwa karibu. Walionyesha uhusiano kati ya kupungua kwa ozoni ya Antaktika na kuongezeka kwa joto, majira ya mvua, katika nchi za kusini mwa Afrika. Majira hayo, pande za Angola, jirani zetu, hewa hulegea na kutokeza eneo la kanieneo ndogo. Wataalamu waliona eneo hilo limepata nguvu zaidi, na kusukuma hewa ya joto kuelekea kusini. Hatusemi kwamba kila siku ya joto hapa Lubumbashi yatoka Antaktika. Twasema kwamba jambo lililofanyika juu ya barafu laweza kumfikia mkulima wa Kiafrika asiyewahi kuiona barafu hiyo.

Njia ya pili ni gesi zenyewe. Zaidi ya kula ozoni, nazo ni blanketi. Kilo moja ya gesi ya friji za zamani, iitwayo R12, yaongeza joto la dunia mara elfu kumi kuliko kilo moja ya gesi ya moshi wa kaa. Gesi iliyokuja baada yake, R134a, haiharibu ozoni, lakini katika kuongeza joto yapita ile ya moshi zaidi ya mara elfu moja.

MATAIFA YALIPATANA

Mara nyingi twasikia kwamba mataifa hukutana, husema, kisha hakuna litendekalo. Katika jambo hili haikuwa hivyo. Tarehe 16 Septemba 1987, huko Montreal katika Kanada, mataifa yalitia sahihi mapatano ya kuacha gesi hizo. Kiongozi mmoja aliyejitahidi sana ni Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, aliyekuwa mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lenye makao yake Nairobi. Hata leo ofisi inayosimamia mapatano ya ozoni iko Nairobi. Na katika mji huohuo, tangu mwaka 1996, wapima hewa wa Kenya wakisaidiwa na Uswisi hurusha puto kila wiki kupima ozoni.

Nchi yetu, ilipokuwa ingali ikiitwa Zaire, iliingia katika mapatano mwaka 1994. Vatikano nayo iliingia mwaka 2008. Mwaka 2009 mataifa yote ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamekwisha kuingia, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mapatano ya namna hii. Tena hapa jirani, Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, waliongeza ahadi ya kupunguza hata zile gesi zisizokula ozoni lakini zaongeza joto. Ahadi ya Kigali ikitimizwa, dunia yaweza kuepushwa na joto la karibu nusu nyuzi mpaka mwisho wa karne hii.

Na matunda yake? Gesi zilizokatazwa zimepungua karibu asilimia 99. Mwaka 2020 wataalamu walieleza kwamba kule kusogea kwa pepo za kusini kulisimama tangu karibu mwaka 2000. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba, tukiendelea hivi, ozoni ya Antaktika itarudia hali yake ya mwaka 1980 kama mwaka 2066. Mtoto aanzaye darasa la kwanza sasa atakuwa amekaribia miaka 50.

KAZI ILIYOBAKI NI YETU

Mapatano yalitiwa sahihi na wakubwa, lakini hutimizwa na fundi mwenye kisu na koleo. Katika Golf, Kenya, Katuba na kila mtaa, ziko friji kuukuu zilizokuja kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kutumika. Zikiharibika kabisa, mara nyingi bomba lake hukatwa ili shaba iuzwe. Sisi watu wa Katanga twajua vizuri thamani ya shaba! Lakini bomba likikatwa, gesi yote hukimbia kwa dakika chache, na haishikiki tena.

Basi, ninyi baba na mama wa nyumba, kabla ya kununua friji, someni kibandiko kilicho nyuma yake au juu ya kompresa. Kikiandikwa R12, iacheni. R600a haiharibu ozoni na haiongezi joto sana, lakini yashika moto. Fundi asiichomelee gesi ingali ndani. Katika mashine za kupoza hewa, R22 yala ozoni, nayo yaondolewa duniani.

Ninyi mafundi, msiongeze gesi katika bomba linalovuja. Lipakeni povu la sabuni, mwone viputo vyatokea wapi, mzibe kwanza. Msiifungulie gesi ya zamani hewani. Ivuteni kwa mashine yake na kuirudisha katika mtungi. Fundi asiye na mashine hiyo na ashirikiane na wenzake kuinunua. Mteja naye asimnung'unikie akilipishwa zaidi kidogo kwa kazi safi.

Na ninyi wanafunzi, jifunzeni kemia na elimu ya hewa kwa bidii. Tundu hili halikuvumbuliwa na mtu mwenye nguvu, bali na watu waliopima kitu kilekile mwaka baada ya mwaka bila kuchoka. Afrika yahitaji wapimaji wa namna hiyo, na Kongo zaidi.

Hewa haijui mpaka wa nchi wala ukuta wa nyumba. Gesi inayotoroka nyuma ya jiko katika Golf yaweza kufika Ncha ya Kusini, na watoto wetu na wajukuu wetu wangali wakiingoja iishe. Tuizuie ingali katika bomba.