Soya, ufuta na pilipili: Mezani kwa Wasichuan na Wathai, mkulima wa Songea si mgeni

Kwetu Mpitimbi, wilayani Songea, hakuna mgahawa wa Kichina wala wa Kithai. Mwenye njaa akiwa njiani atapata kwa mama lishe ugali kwa maharage, wali kwa nyama, samaki wa Ziwa Nyasa siku wakiwapo, na chipsi mayai. Lakini vijana wetu wako Dar es Salaam, wanasoma, wanafanya kazi, wanafanya biashara, na huko migahawa ya namna hiyo imekuwa jambo la kawaida, kuanzia Masaki na Msasani hadi vichochoro vya Kariakoo. Mzazi akienda kuwatembelea, huenda jioni moja akakaribishwa kwenye meza yenye mchuzi mwekundu unaoelea mafuta, asijue aanzie wapi.

Wengi huingia humo na hofu tatu: kwamba chakula ni kigeni kabisa, kwamba ukali wake haustahimiliki, na kwamba wataaibika kwa kutojua namna ya kukila. Hofu zote tatu zina majibu. Ninaloamini mimi ni hili: karibu kila kilichomo kwenye meza ile tunakilima au tunakifahamu. Tunachokosa ni kazi inayofanyika kati ya shamba na sahani, na kwenye kazi hiyo ndiko kuliko na fedha.

Kwa nini mjini na si kwetu

Wachina hawakuanza kuja Tanzania jana. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mikono ya Watanzania, Wazambia na maelfu ya Wachina, na stesheni ya Makambako iko pale ambapo sisi wa Ruvuma hupitia tukielekea Dar es Salaam. Hata hivyo reli hiyo haikutuachia migahawa. Mafundi waliishi makambini, wakalima bustani zao za mboga na kupikiana wenyewe, kisha wakarudi kwao.

Mgahawa hufuata mteja anayerudi kila wiki. Wakandarasi na wafanyabiashara walipoongezeka mjini miaka ya baadaye, wapishi waliwafuata, na Watanzania wenye kipato wakajaza viti vilivyobaki. Migahawa ya Kithai ina msukumo wa ziada: tangu mwaka 2002 serikali ya Thailand imekuwa na mpango maalumu wa kuongeza migahawa ya nchi yake duniani, ikiona chakula kama bidhaa ya kuuza nje na tangazo la utalii kwa pamoja. Nchi iliyokaa ikapanga jinsi ya kuuza mapishi yake inastahili kutazamwa kwa makini na nchi ya wakulima.

Pilipili ni mgeni kwao kama ilivyo kwetu

Tuanze na hofu ya ugeni. Pilipili zote hizi, kuanzia pilipili kichaa hadi pilipili mbuzi, asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hazikuwapo Afrika wala Asia. Wareno ndio waliokuwa wasambazaji wakubwa. Walifika pwani ya Msumbiji mwaka 1498, wakaiteka bandari ya Malaka mwaka 1511, na mwaka huohuo wakatuma mjumbe Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya leo. Nchini China pilipili inatajwa katika maandishi ya mwandishi Gao Lian ya mwaka 1591, tena kama mmea wa kupendeza macho. Jimbo la Sichuan liko bara, mbali na bahari, na huko pilipili ilikuja kushika jikoni baadaye sana, katika karne ya 18 na ya 19.

Mahindi, muhogo, karanga na papai navyo vilitoka Amerika. Kuku wa karanga na pilipili kavu, anayehusishwa na Ding Baozhen, gavana wa Sichuan aliyefariki mwaka 1886, asingepikika bila mazao mawili ya Amerika. Ugali wetu wa mahindi nao usingekuwapo. Kwa hiyo tunapoita chakula fulani cha asili na kingine cha wageni, tukumbuke kwamba vyote viwili vimepitia mlango mmoja, na kwamba vizazi vichache vya wapishi hodari vinatosha kukifanya kigeni kiwe cha nyumbani.

Ukali ni kitu kimoja, ganzi ni kitu kingine

Hofu ya pili inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu Sichuan ina mambo mawili yanayofanya kazi pamoja mdomoni. La kwanza ni ukali wa pilipili, unaotokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Kapsaisini hugusa vipokezi vya neva vilevile vinavyotuonya tunapoungua, ndiyo maana mwili huamini kuna moto na kutoa jasho. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ulimpatia mwanasayansi David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Glasi ya maji baridi itatuliza kwa sekunde chache tu. Wali, maziwa au mchuzi wenye tui la nazi vitasaidia zaidi.

La pili ni ganzi. Ukitafuna na kukuta punje ya rangi nyekundu iliyofifia, yenye harufu ya ganda la limau, kisha midomo ikaanza kutetemeka, usidhani umedhurika. Hilo ni ganda la tunda la mti wenye miiba, wa ukoo mmoja na mndimu na mchungwa, wala si jamaa wa pilipili. Watafiti wa University College London walionyesha mwaka 2013 kwamba midomo huisikia ladha hiyo kama mtetemo wa takriban mara 50 kwa sekunde. Ganzi hupita yenyewe baada ya dakika chache.

Mti huo una ndugu zake hapa Tanzania. Mjafari, wenye miiba minene shinani, ni wa jenasi hiyohiyo, na waganga wa kienyeji wamekuwa wakitumia magome na mizizi yake kwa maradhi mengi, maumivu ya meno yakiwamo. Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa mji wa mapishi, na hicho kitia ganzi ni sehemu ya sifa yake. Huku kwetu ndugu yake amebaki kuwa dawa.

Tena si kila chakula cha Sichuan ni kikali. Wapishi wa huko huhesabu michanganyiko ya ladha zaidi ya 20: tamu na chachu, yenye vitunguu saumu, yenye ufuta, yenye tangawizi. Mwenye tumbo jepesi atapata cha kula.

Kinu cha Wathai

Upande wa Thailand, mtu wa kwetu anapaswa kujisikia nyumbani mapema zaidi. Chukua kachumbari yao ya papai bichi, som tam. Mpishi huanza na kinu cha udongo na mchi wa mti. Hutwanga kitunguu saumu na pilipili kichaa, halafu huongeza maharage machanga, nyanya, karanga zilizokaangwa na kamba wadogo waliokaushwa. Hufuata maji ya ndimu, sukari ya mnazi na sosi ya samaki. Papai bichi lililochanwa nyembamba huingia mwisho. Hapo mchi hushuka taratibu, na mkono wa pili hugeuza kwa kijiko, ili papai lilainike bila kupondeka. Kasoro sosi ya samaki na sukari ile, kila kitu kinapatikana sokoni Songea, ukiweka dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa mahali pa kamba.

Supu yao ya kamba, tom yum, iliyoingizwa mwaka 2024 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, inatiwa mchaichai, ambao sisi tunautia kwenye chai, pamoja na khulinjani, majani ya aina ya mndimu, ndimu na pilipili. Michuzi yao ya tui ni jamaa wa karibu wa kuku wa nazi wa pwani. Na Wathai wa kaskazini-mashariki hula wali unaonata kwa mkono: humega, huviringa tonge, huchovya kwenye kitoweo. Mngoni aliyelelewa kwa ugali hahitaji kufundishwa hilo.

Namna ya kuagiza na kula

Hofu ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote. Kosa la kawaida ni kila mtu kuagiza sahani yake, kama tunavyofanya kwa mama lishe. Vyakula hivi vimepangwa viliwe kwa pamoja. Bakuli za vitoweo hukaa katikati, kila mtu ana wali wake, na unachota kidogo kidogo. Watu wanne waagize vitoweo vinne au vitano: kimoja kikali, kimoja kipole, mboga za majani, supu, na kimoja cha kujaribu. Kitoweo kikali kikiliwa peke yake kitakushinda. Kikizungukwa na wenzake kitakuwa na nafasi yake.

Kuku wa Chongqing, mji jirani na Sichuan, huja amezikwa chini ya rundo la pilipili kavu. Pilipili hizo haziliwi. Unazisogeza na kutafuta vipande vya kuku. Samaki aliyefunikwa kwa mafuta mekundu huopolewa, na mafuta huachwa bakulini. Vijiti vikikusumbua, omba kijiko bila haya: Wathai wenyewe hula wali kwa kijiko na uma, vijiti huvitumia zaidi kwa tambi.

Muislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, aulize kabla ya kuagiza, tena aulize kuhusu mafuta ya kupikia pamoja na nyama. Tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya Chengdu iitwayo mapo, kwa mfano, hutiwa nyama ya kusaga, na mahali pengine ni ya ng'ombe, pengine ya nguruwe. Aliye na mzio wa karanga au wa kamba aseme mapema. Na anayetaka pilipili ipunguzwe aseme pia, maana mpishi hupika kitoweo papo hapo kwenye moto mkali na anaweza kupunguza.

Gunia na chupa

Sasa turudi kwenye fedha. Juu ya meza hiyo kuna sosi ya soya, tofu, mafuta ya ufuta, tangawizi na karanga. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa soya nchini. Wakulima wa Songea na Namtumbo wanauza soya na ufuta kwa mnada, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia ushirika wao wa SONAMCU. China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu, na mwaka 2020 ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Nchi hiyo huagiza zaidi ya tani milioni 90 za soya kwa mwaka, nyingi kutoka Brazil na Marekani, na sehemu kubwa hukamuliwa mafuta na kugeuzwa chakula cha mifugo. Soko ni kubwa, lakini ni soko la punje.

Soya inayobaki kwetu huishia kwenye unga wa lishe na chakula cha kuku. Ni matumizi mema, lakini ni machache. Tofu haihitaji kiwanda: soya hulowekwa usiku kucha, husagwa, huchujwa kwa kitambaa, maziwa yake huchemshwa, hugandishwa kwa ndimu au siki, kisha hukandamizwa hadi maji yatoke. Sosi ya soya ni kazi ndefu zaidi. Soya iliyopikwa huchanganywa na ngano iliyokaangwa, huachwa ishikwe na ukungu maalumu, hutiwa maji ya chumvi na kusubiri kwa miezi. Inataka usafi, subira na kipimo, na akina mama wanaojua kuotesha kimea na kulea chachu tayari wana msingi wa ujuzi huo.

Simwambii mtu wa Mpitimbi aache ugali. Ninachotaka ni kwamba kijana wetu akikaa kwenye meza ile mjini, aijue sahani iliyo mbele yake kipande kwa kipande, na aulize ni nani aliyelipwa katika kila hatua. Vyama vya ushirika vikijifunza kusindika soya, na chuo cha VETA Songea kikifundisha kazi hiyo sambamba na upishi, wanunuzi wa kwanza wapo: shule, hoteli, na migahawa hiyohiyo ya Dar es Salaam. Udongo wetu umeshafanya sehemu yake. Iliyobaki ni ya watu, na watu hujifunza.