Mashine ya Kufungua Kaseti za Data

Kaseti za LTO, zilizobuniwa kwa ushirikiano wa IBM, HP na Seagate na kuingia sokoni mwaka 2000, zingali zikitumika kuhifadhi nakala za data zisizohitajika kila siku, na kaseti moja ya kizazi cha 9 hubeba terabaiti 18 katika utepe unaozidi kidogo kilomita moja. Ganda lake kwa kawaida ni la polikaboneti, plastiki ngumu inayotengenezewa pia diski za CD na vioo vya taa za magari, nayo hupata mnunuzi ilmradi isichanganyike na kitu kingine.

Kaseti inayosagwa nzima haitimizi sharti hilo, kwani chenga zake huwa na polikaboneti, chuma na poliesta ya utepe iliyopakwa chembe za sumaku. Tena utepe wenyewe hujisokota kwenye mihimili ya visu mpaka kinu kikasimama. Ndiyo maana kufungua kwanza, ingawa huonekana kama kupoteza muda, ndiyo njia yenye akili.

Mashine ya kazi hiyo huanza kwa kuigeuza kaseti ili upande wa skrubu utazame juu, kisha bisibisi za umeme zikashuka kwa pamoja. Kuzikata skrubu kwa keekee kungekuwa haraka zaidi, lakini vumbi la chuma lingezama katika plastiki ile ile inayotafutwa. Ganda linapoinuliwa, springi inayokandamiza kigurudumu cha utepe hufyatuka, kwa hiyo sehemu hiyo hufunikwa, na sumaku hukusanya vipande vya chuma vilivyoanguka. Utepe haukunjuliwi: kisu huupasua kutoka ukingoni hadi kwenye kitovu cha kigurudumu, nao huanguka ukiwa vipande vifupi visivyoweza kujisokota, ambavyo husagwa kando ili data isisomeke tena.

Lebo ya karatasi, ambayo wabunifu wengi wangeidharau, huacha gundi inayolazimu ganda lioshwe. Hata hivyo polikaboneti hufyonza unyevu, na maji yakibaki ndani yake wakati wa kuyeyushwa hukata minyororo ya molekuli zake. Kwa sababu hiyo chenga za ganda lililosagwa hukaushwa kwa saa kadhaa katika nyuzi joto zipatazo 120 za Selsiasi, la sivyo bidhaa itakayofinyangwa itakuwa na mapovu na itavunjika upesi.