Saratani ya Mbwa Iambukizayo

Mbwa alindaye boma huko Mugutha, upande wa Ruiru na Thika, mara nyingi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, akazurura na kupandana apendavyo. Huko ndiko aipatapo saratani moja ya ajabu. Saratani nyingine za mbwa haziambukizi. Hii huhama: chembe hai za uvimbe wenyewe hubanduka kwa mgonjwa zikashika kwa mzima, wakati wa kupandana, au wa kunusana na kulambana. Wataalamu wamegundua kwamba uvimbe wote wa namna hii duniani umetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita!

Dalili zake ni kijinyama chekundu kama koliflawa katika sehemu za siri, na damu idondokayo. Jike akitoka damu, mwenyewe hudhani anataka dume tu. Lakini damu isiyokoma kwa majuma mengi yataka kuchunguzwa. Wengine humwua mbwa huyo, nayo ni hasara ya bure, kwani wengi hupona. Daktari wa mifugo humdunga dawa iitwayo vinkristini mara moja kwa juma, kwa kawaida mara 4 hadi 6. Dawa hiyo ni kali, wala si ya kudungwa na mwenye mbwa. Binadamu haambukizwi ugonjwa huu.