Joto Ndani ya Kamyoneti Kuukuu

Kamyoneti kuukuu ni mtumishi mwaminifu wa jamaa nyingi. Asubuhi hupeleka mihogo na makaa sokoni, mchana hubeba matofali, na siku ya safari huchukua mama na watoto. Jungu kuu halikosi ukoko: injini yake ingali inanguruma, na sanduku lake la nyuma lingali linabeba mizigo. Lakini jua likifika utosini, chumba cha dereva hugeuka tanuri. Kiyoyozi hakipo, au kilikufa zamani, na bei ya kutia kipya huenda ikapita bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana katika nchi nyingi mafundi wa nyumbani hujaribu kujitengenezea mashini ya kupoza hewa kwa sanduku la barafu, feni ndogo na vipande vya bomba.

Je, mashini hiyo yafaa kitu, au ni mchezo wa watoto? Tuichunguze pamoja, wasomaji wapenzi, kwani jambo hili si la starehe peke yake. Dereva aliyelemewa na joto huchoka upesi na uangalifu wake hupungua, na wote aliowabeba wamo hatarini pamoja naye.

BARIDI HAITENGENEZWI

Kwanza tuelewe neno moja, maana mengine yote yategemea hilo. Hakuna mashini inayotengeneza baridi. Kila mashini ya kupoza huchukua joto mahali pamoja na kulipeleka mahali pengine. Mtungi wa udongo watufundisha hayo kila siku. Maji hupenya polepole katika udongo, hukauka kwa upepo upande wa nje, na yakikauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Barafu nayo ikiyeyuka hunywa joto la vitu vilivyo karibu nayo.

Wanafunzi na wafanye hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kwahitaji kilojuli 334 za joto. Joto hilo latosha kuyapandisha maji ya kilo moja kutoka digri 0 hadi karibu digri 80. Lakini kukausha kilo moja ya maji, hata yakawa mvuke, kwahitaji kilojuli zipatazo 2,400, yaani zaidi ya mara saba. Basi, kilo kwa kilo, maji yanayokauka huondoa joto jingi kuliko barafu inayoyeyuka. Mbona basi watu wahangaike na barafu? Jibu limo katika hewa ya kila nchi, nasi tutalifikia.

WALIOTUTANGULIA

Katika karne ya 19, daktari John Gorrie wa Apalachicola, katika Florida ya Marekani, alitundika barafu karibu na dari la chumba cha wagonjwa wa homa. Alijua kwamba hewa baridi ni nzito, nayo hushuka. Mwaka 1851 alipewa hati ya serikali ya kulinda mashini yake ya kutengeneza barafu.

Miaka 30 baadaye, tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi mjini Washington. Joto la majira yale lilimzidishia mateso. Mainjinia wa jeshi la majini wakaunda mashini iliyopuliza hewa kwa feni kupitia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya barafu. Chumba cha mgonjwa kilipoa, ingawa Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka ule ule, na mashini ilikula barafu nyingi mno. Sanduku la barafu na feni katika kamyoneti ya leo ni mjukuu wa mashini hiyo.

Kwa upande wa magari, kampuni ya Packard ilionyesha kiyoyozi cha kwanza cha kiwandani mwaka 1939. Kilikuwa ghali, nacho kilikula nafasi ya mizigo nyuma, hata baada ya muda mfupi kikaachwa. Watu wa kawaida waliovuka majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani walikuwa na njia yao. Walifunga dirishani kopo kubwa mfano wa mzinga, na aina moja iliyojulikana sana iliitwa Thermador. Ndani ya kopo mlikuwa na maji na vitu vinyonyavyo maji. Gari likienda, upepo uliingia koponi, ukapita katika unyevu, ukamfikia msafiri umepoa. Hapakuhitajika injini wala umeme. Upepo wa safari ulitosha.

HEWA KAVU NA HEWA YENYE UNYEVU

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kopo la maji lililomfaa mtu wa Arizona halimfai mtu wa kila mahali. Maji hukauka upesi katika hewa kavu, lakini hewa iliyokwisha kushiba mvuke haipokei mwingine.

Tutoe mifano miwili. Hewa ikiwa na digri 40 na unyevu wa asilimia 15, kama ilivyo jangwani, maji yanayokauka yaweza kuishusha mpaka karibu digri 21 mwisho wake. Na kopo la kujitengenezea, ambalo halifikii mwisho huo, laweza kuipata hewa ya digri 25 au 26. Huo ni msaada mkubwa. Lakini hewa ikiwa na digri 32 na unyevu wa asilimia 75, mwisho wake ni karibu digri 28. Dereva atapata digri mbili au tatu tu, na jasho lake halitakauka kwa sababu kopo limezidisha unyevu.

Hata ndani ya Kongo yetu hewa si moja. Lubumbashi na nchi ya juu ya Katanga wana kiangazi tangu Mei hadi Septemba. Miezi hiyo, na joto linalofuata kabla ya mvua, ni wakati wa njia ya maji. Kisangani, penye misitu na mvua karibu mwaka mzima, njia hiyo haifai. Huko heri barafu.

Asiyejua hewa ya kwao ni ya namna gani na apime. Achukue kipimajoto, akifunge chini kwa kitambaa chembamba chenye maji, akipepee kivulini kwa dakika chache, kisha asome. Digri atakazosoma ndizo mwisho wa baridi ambayo maji yaweza kumpa siku ile. Kipimo hiki chamwokolea fundi gharama na kazi ya bure.

KIVULI NI CHA KWANZA

Kilo 10 za barafu zikiyeyuka kwa saa moja huondoa joto la kilojuli 3,340, yaani kama wati 930 kwa saa hiyo. Nalo jua la adhuhuri, mbingu ikiwa safi, huleta karibu wati 1,000 katika kila meta moja ya mraba. Basi sanduku zima la barafu lapambana na meta moja tu ya jua! Tena injini yaleta joto lake kupitia ukuta wa mbele na sakafu. Mtu anayetia barafu bila kuzuia jua ni kama anayejaza maji katika pipa lililotoboka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulizuia joto lisiingie. Paa lipakwe rangi nyeupe. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva utandikwe kitambaa kizito kisichoshika moto. Gari likisimama, kioo cha mbele kifunikwe kwa karatasi ya kung'aa. Land Rover za zamani zilizotumika Afrika mara nyingi zilikuwa na paa la pili juu ya paa, na kati yake nafasi ya upepo kupita. Jua lililichoma la juu, na la chini likabaki kivulini. Fundi mwenye bati jepesi na boliti chache aweza kuiga jambo hilo kwa gharama ndogo, mradi alifunge imara lising'olewe na upepo.

KULITENGENEZA SANDUKU

Anayechagua barafu atafute sanduku lenye kuta nene za povu, kama yale ya wauza samaki. Katika kifuniko atoboe matundu mawili. Juu ya tundu moja aweke feni ndogo ya volti 12, ikisukuma hewa ndani. Katika la pili aweke kiwiko cha bomba la plastiki kilichoelekezwa kifuani pa dereva. Tusitumaini kupoza chumba chote. Sanduku hili ni la kumpoza mtu.

Barafu yafaa igandishwe ndani ya chupa zilizofungwa, zisijae sana, kwa kuwa maji yakiganda huvimba. Maji hayatamwagika njiani, na chupa zitatumika tena kesho. Fundi mwenye ujuzi zaidi aweza kutwaa rejeta ndogo ya kupasha joto kutoka gari bovu, akaizungushia maji ya barafu kwa pampu ndogo, na feni ikapuliza kupitia rejeta hiyo. Asichanganye maji haya na maji ya injini.

Waya wa feni upitie katika fiyuzi iliyo karibu na betri, la sivyo waya ukichubuka waweza kuwasha moto. Sanduku lifungwe kwa mkanda wenye nguvu, maana kilo 20 zisizofungwa, gari likisimama ghafula, humwangukia abiria kama jiwe.

Tena tushike tofauti hii: mwenye barafu hufunga madirisha ili hewa ile ile izunguke, mwenye kopo la maji sharti afungue kidogo dirisha la upande wa pili, ili hewa yenye unyevu itoke.

HATARI ZA KUEPUKA

Kabla ya kufunga madirisha, mwenye gari kuukuu achunguze sakafu na bomba la moshi. Mashimo ya kutu huingiza moshi wa injini, na ndani yake mna monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu. Tundu dogo lisilozibwa laweza kuua jamaa nzima iliyokuwa ikitafuta baridi.

Hali kadhalika, asitumie barafu kavu, ile yenye baridi ya digri 78 chini ya sufuri. Hiyo si maji. Ikiyayuka huwa gesi ya kaboni, nayo katika chumba kidogo hukata pumzi. Wala asijaze gesi ya kupikia katika kiyoyozi kikongwe kwa sababu ni rahisi, kwani ikivuja chumbani yangoja cheche moja tu.

Mwisho, sanduku la barafu lisimdanganye mzazi yeyote. Gari lililosimama juani hupanda joto kwa digri 10 hivi kwa muda wa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mkubwa. Katika nchi ya Marekani peke yake, tangu mwaka 1998, watoto wapatao 37 kila mwaka hufa kwa joto ndani ya magari. Mtoto asiachwe garini hata dakika chache, feni ikizunguka au isizunguke.

Basi, mwenye kamyoneti aifuate kazi kwa taratibu: azuie jua, azibe mashimo ya sakafu, apime hewa kwa kitambaa chenye maji, ndipo achague kati ya maji na barafu. Wanafunzi wetu nao wanaweza kuanza leo. Wachukue vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa cha maji, wavitundike chini ya mwembe wa shule, na waandike digri kila mchana kwa muda wa mwezi. Baba akiuliza kama yafaa kununua feni, watakuwa na jibu.