Sura ya Tano: Kamba na Jembe

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zina kamba yao. Imeviringishwa stoo, nyuma ya viti vya plastiki na mabango ya Mei Mosi zilizopita, na hutolewa mara moja kwa mwaka, siku ya bonanza. Basi la kukodi linaondoka saa moja asubuhi, fulana mpya zinagawiwa njiani, na ikifika saa nne watu wako ufukweni Kigamboni au Kunduchi wakivutana: Fedha upande huu, Masoko upande ule. Kisha mbio za magunia, kukimbiza kuku, kutembea na ndimu juu ya kijiko, nyama choma, hotuba ya mkurugenzi. Jumatatu wahasibu wanakwenda kula na wahasibu, kama kawaida.

Nimeshiriki mabonanza kadhaa ya namna hiyo. Lipo moja lililoniuma. Mama mmoja wa masjala, aliyekuwa kazini muda mrefu kuliko wengi wetu, alikaa kutwa chini ya mkungu akilinda mikoba ya vijana. Hakuna aliyemkosea adabu. Walimwamkia, wakampelekea soda. Lakini ratiba nzima ya siku ile haikuwa na jambo hata moja lililomhitaji yeye. Siku iliyoitwa ya umoja ilimwonyesha wazi kwamba umoja ule unakwenda bila yeye.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni shughuli gani hasa zinazounganisha watu wa kazi moja, na ni zipi zinazowachosha tu juani. Jibu zuri kuliko yote niliyoyapata liko mbali na ufukwe, kwenye mashamba ya Ipililo.

Ipililo ni kata ya Wilaya ya Maswa, katika Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mahindi, mtama, dengu na viazi vinavyokaushwa kuwa michembe. Mvua za Novemba zikianguka, majani nayo hayasubiri mtu, na familia moja yenye majembe manne haiwezi kumaliza palizi kwa wakati. Ndiyo maana Usukumani pote kukawa na vikundi vya kulima. Vijana walijipanga chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na mwenye shamba akiwaalika walifika na majembe yao na ngoma yao. Malipo yalikuwa chakula, au mbuzi, au ng'ombe, na baadaye fedha.

Tazama wanavyofanya kazi. Wakulima wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega, nyuso zikitazama mwisho wa shamba. Mpiga ngoma yuko mbele au pembeni, na ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, anaanzisha, mstari unamjibu. Majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Ngoma ikikaza, mikono inakaza. Humo ndimo ilimozaliwa bugobogobo, ngoma ambayo wachezaji wake hurusha jembe hewani, likazunguka, wakalidaka kwa mpini bila kupoteza hatua. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson aliandika kitabu kinene, kilichotoka mwaka 2010, juu ya nyimbo hizi za kazi peke yake. Zinastahili.

Sasa turudi kwenye kamba, maana sayansi ya kazi za kikundi ilianza na kamba kweli. Katika miaka ya 1880, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta, kwanza mmoja mmoja, kisha pamoja. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yanashangaza hadi leo. Ukihesabu nguvu ya mtu anayevuta peke yake kuwa 100, wakiwa wawili kila mmoja anatoa kama 93. Wakiwa wanane, kila mmoja anatoa 49 tu. Nusu ya nguvu inapotea hewani.

Inapotelea wapi? Sehemu ni kukosa mpangilio: huyu anavuta wakati yule anapumua. Sehemu ya pili ina jina ambalo kila Mswahili analijua: kutegea. Mwaka 1974 Mmarekani Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaambia kwamba nyuma yao kuna wenzao wanaovuta, ilhali hakukuwa na mtu anayevuta. Walilegeza hivyo hivyo. Miaka mitano baadaye Bibb Latané na wenzake wakaona hali hiyo hiyo kwa watu walioombwa kupiga makofi na kupiga kelele kwa nguvu zao zote. Mtu akiamini kwamba mchango wake umezama katika wa wengi, mkono unalegea wenyewe, hata kama moyo wake si mvivu.

Mstari wa jembe unatibu magonjwa yote mawili kwa pamoja. Ngoma inaleta mpangilio, kwa sababu hakuna anayehitaji kukisia mwenzake atainua lini. Na ardhi inaonyesha kila mtu amefanya nini: aliyetegea ameacha majani mbele yake, mstari umepinda mahali pake, na kila jicho linaona. Hakuna msimamizi anayelazimika kumkemea mtu. Zaidi ya hapo kuna furaha yenyewe ya kwenda pamoja. Mwanahistoria William McNeill alikumbuka alivyopiga gwaride jeshini huko Texas mwaka 1941 na kuona mwili wake umepanuka, kana kwamba ni wa kikosi kizima. Mwaka 1995 akaandika kitabu juu ya nguvu hiyo ya kuchezesha misuli kwa pamoja. Watafiti wa Oxford nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwabana wapiga makasia mikononi kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu. Waliotoka kupiga makasia kwa pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipokuwa wamepiga peke yao, ingawa jasho lilikuwa lile lile. Mkulima wa Ipililo asingeshangaa. Jua lile haliwezekani bila ngoma.

Kwa hiyo mtu anayepanga siku ya wafanyakazi mjini, mwanzo wake uwe hapa: shughuli iwe na mapigo mamoja, na sehemu ya kila mtu ionekane. Mwanza ina bahati. Kisesa, mwendo mfupi kwa barabara ya Musoma, kuna Bujora na makumbusho ya Wasukuma, ambako ngoma hizi zinatunzwa. Wapeleke watu wakafundishwe hatua za bugobogobo asubuhi, wacheze mchana. Mkurugenzi atakosea hatua kama wengine, na mama wa masjala, kama amezaliwa Maswa au Magu, ndiye atakayewafundisha. Dar es Salaam kipo Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na ngoma huchezwa pale.

Asiyetaka ngoma apike. Napenda shughuli hii kuliko zote kwa jiji, na ni rahisi kuliko kukodi ufukwe. Watu 60 wapike pilau yao wenyewe kwa kuni, masufuria makubwa juu ya mafiga. Kuna wa kuchambua mchele, wa kumenya vitunguu, wa kutwanga viungo kinuni wawili wawili kwa zamu, mapigo yasigongane. Kinu kinadai mapigo kama ngoma. Chumvi ikizidi wote wanaijua, na aliyechambua mchele vibaya anajulikana kwa jiwe la kwanza. Ila msiwaachie wanawake jiko na wanaume mpira. Gawanyeni kazi kwa kura, mhasibu ashike mwiko pamoja na dereva.

Vipi kuhusu mashindano? Mashindano yanapendwa, na siyakatai. Michezo ya SHIMIWI kwa wizara na idara za serikali, na SHIMMUTA kwa mashirika na makampuni, inaibua netiboli na kuvuta kamba ya hali ya juu, ila ni ya wenye vipaji, na wengine wanabaki watazamaji. Usukumani wana uzoefu mrefu zaidi. Masimulizi yanasema kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu, wakashindana kwa ngoma. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na ushindani huo unaendelea. Mavuno yakiisha, ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Utaona umati unahama, unasita, unarudi. Katika sikukuu ya Bulabo, iliyokuzwa Bujora na padre David Clement, mwezi Juni, uwanja mzima hutembea hivyo. Hakimu ni miguu ya watazamaji. Bosi anayepuliza filimbi kwenye bonanza la ofisi yake hana budi kulitafakari hilo.

Bado, mashindano peke yake yanaweza kuacha donda. Mwaka 1954 Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha, kuvuta kamba kukiwamo. Katika siku chache walikuwa wakichomeana bendera na kuvamia vibanda vya wenzao. Kuwakutanisha mezani hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ya pamoja: maji yalikatika, wakatafuta chanzo wote, na lori la chakula lilipogoma kuwaka walilifunga kamba wakalivuta pamoja. Ilikuwa kamba ile ile waliyoshindana kuivuta.

Ndiyo sababu napendekeza siku ya wafanyakazi imalizike kwenye kazi ambayo mtu mwingine anaihitaji. Kupanda miti ni kazi nzuri, lakini mara nyingi inakuwa picha: miche 200, tabasamu, basi linarudi mjini, na kiangazi kinaila yote. Ipililo hakuna anayeita kupanda kuwa kulima. Pamba inataka palizi, kisha palizi tena. Ofisi ichague shule moja ya msingi jirani, iwaulize walimu wanahitaji nini, ipande miche michache inayoweza kutunzwa, na igawe zamu za maji kwa miezi mitatu, watu wanne kila Jumamosi, wakichanganywa idara kwa idara. Mama wa masjala awekwe zamu ya kwanza, pamoja na vijana waliompa mikoba yao kulinda. Atawaonyesha jinsi ya kuweka nyasi kavu kwenye shina ili maji yakae.